Barua ya wazi kwa Waziri wa usalama wa raia: nilimwelekezea mwanangu bastola

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima zote za cheo chako. Nimekwisha kukuandikia mara mbili kupitia ofisi yako. Mara zote mbili barua yangu iligongwa muhuri wa kupokelewa, nami nikarudi nyumbani kusubiri. Hii ya tatu naiweka hadharani kwa sababu ya jambo lililotokea kwangu usiku wa Jumanne iliyopita, jambo ambalo mpaka leo siwezi kuwasimulia ndugu zangu bila sauti kukatika.

Nilimwelekezea mwanangu bastola.

Ana miaka 17. Anasoma shule ya bweni, na kwa hesabu zetu alikuwa arudi Ijumaa. Shule ikafungwa mapema, simu yake ikaisha chaji, basi likaharibika njiani, akafika nyumbani saa 8 usiku. Hakutaka kutuamsha. Aliruka ukuta kama alivyozoea tangu utotoni kila mpira ulipotoka nje, akapitisha mkono kwenye dirisha la jikoni, akafungua komeo la mlango wa nyuma. Nilichosikia mimi ni kishindo cha mtu kutua uani, kisha chuma kikigusana na chuma.

Kwa mtu ambaye hajawahi kuvamiwa, huenda hizo ni kelele tu za usiku. Sisi tumevamiwa mara mbili.

Mara ya kwanza walikata nondo za dirisha tukiwa msibani, wakaondoka na vitu. Hiyo tuliisamehe. Mara ya pili, miaka 3 iliyopita, tulikuwemo ndani. Walikuja watano, wana mapanga. Mke wangu walimfunga mikono kwa waya wa pasi. Mimi walinilaza kifudifudi, mtu kanikanyaga shingoni, huku kijana wangu huyu huyu, wakati huo ana miaka 14, akiburutwa chumba hadi chumba awaonyeshe kila kilichofichwa. Walikaa karibu saa nzima. Saa nzima, Mheshimiwa! Hawakuwa na haraka, maana walijua hakuna atakayekuja. Jirani yetu alikuwa amejificha uvunguni mwa kitanda anapiga namba ya dharura, na simu iliita mpaka ikakata. Akapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Askari walifika kesho yake mchana, wakaandika maelezo, wakatuambia usiku ule gari halikuwa na mafuta.

Miezi miwili baadaye ulikuja kwetu wewe mwenyewe. Nilikuwa mstari wa mbele na bandeji ingali mkononi. Uliahidi mambo matatu, nami niliyaandika siku ile ile: doria kila usiku, kituo kidogo cha polisi karibu na makazi yetu, na simu ya dharura ambayo itapokelewa saa 24. Tulikupigia makofi. Mke wangu alilia.

Jengo la kituo limejengwa, ni kweli. Lina rangi nzuri na kufuli mlangoni, na sijawahi kulikuta limefunguliwa. Doria tuliiona kwa wiki tatu. Kuhusu simu nitakueleza.

Baada ya kusubiri ahadi zako nikaamua kuomba kibali cha kumiliki silaha. Sikuwahi kuwa mtu wa silaha, hata mwizi wa kuku sijawahi kumpiga. Nilichukuliwa alama za vidole, nikapimwa afya, nikahojiwa kwa nini naitaka. Nikajibu kwa ukweli: naitaka kwa sababu nikipiga simu hakuna anayepokea. Ofisa aliyekuwa ananihoji aliinamisha kichwa, akaandika "kujilinda", akanipa fomu nisaini. Kibali kikatoka. Siku ya mafunzo nilifyatua risasi 10 kwenye karatasi, mchana kweupe, hakuna anayenifukuza, mwalimu amesimama pembeni yangu. Nyingi ziliipata karatasi, nikaonekana nimefuzu. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa serikali aliyekuja kuuliza silaha ile ninaiweka wapi, nani mwingine ana ufunguo, watoto wangapi wako nyumbani.

Niliyafuata masharti yote. Bastola ndani ya kasha la chuma lililofungwa ukutani, risasi mahali pengine, ufunguo ninao mimi. Lakini mwenye silaha yeyote akiwa mkweli atakwambia tatizo liko hapo hapo. Ukiifungia salama sana, jambazi atakufikia kabla hujaitoa. Ukiiweka karibu na mto, atakayeifikia kwanza anaweza kuwa mtoto. Baada ya miezi michache ya kulala kwa hofu, nilianza kuihamisha ile bastola usiku, ikiwa na risasi ndani, nikaiweka kwenye droo ya kitanda. Nilivunja sharti la kibali changu na ninakiri mbele yako na mbele ya wote watakaosoma. Sitafuti huruma kwa hilo. Ninakueleza namna hofu inavyomsogeza mtu, inchi kwa inchi, mpaka anajikuta mahali ambapo hakupanga kufika.

Sasa turudi Jumanne.

Niliposikia chuma kile nilifanya kwanza ulichotuambia tufanye. Nilipiga namba ya dharura. Ikaita mpaka ikakata. Mke wangu akaninong'oneza, "Wamerudi." Nikapiga mara ya pili, ikaita. Nikasikia mlango wa nyuma ukifunguka. Nikapiga mara ya tatu huku nimeshavuta droo. Ikaita, ikaita. Nikaiacha simu kitandani ikiendelea kuita, nikatoka ukumbini na bastola mkononi.

Unajua mwili unavyokuwa wakati huo? Masikio yanajaa mapigo ya moyo. Macho yanaona kitu kimoja tu, kilichobaki pembeni kinakuwa giza. Mikono inatetemeka, na kidole, ambacho mwalimu alisema kikae nje mpaka uwe na uhakika, kinaingia kwenye kifyatulio chenyewe bila kukuomba ruhusa. Niliona kivuli kirefu kimetoka jikoni kimebeba kitu. Ulikuwa mkoba wake wa shule. Kwa macho yangu ya wakati ule lilikuwa panga. Sikusema kitu. Hata "nani wewe" haikunitoka, koo lilikuwa limekauka. Nilikwisha kuanza kubana kidole.

Akakohoa.

Mwanangu ana pumu tangu akiwa mchanga. Kikohozi kile nimekisikiliza usiku kwa miaka 17, nakijua kuliko sauti yangu. Nilikaa chini palepale sakafuni, bastola nimeielekeza ukutani, nikashindwa kuinuka. Yeye hakuelewa. Aliwasha taa akasema, "Baba, shikamoo. Kuna nini?"

Saa 3 asubuhi simu yangu iliita. Sauti ya kijana mwenye adabu iliuliza, "Samahani mzee, namba hii ilitupigia usiku?"

Tangu siku hiyo silali vizuri, basi ninasoma. Nimesoma habari za Oscar Pistorius, mwanariadha wa Afrika Kusini, aliyefyatua risasi 4 kupitia mlango wa choo nyumbani kwake Pretoria alfajiri ya tarehe 14 Februari 2013. Alisema alidhani ni mwizi aliyepitia dirisha la bafu. Aliyekuwa ndani ni mpenzi wake, Reeva Steenkamp. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ya nchi hiyo ilimtia hatiani kwa mauaji, ikieleza kwamba yeyote aliyekuwa nyuma ya mlango ule, mfyatuaji alijua anaweza kumuua. Niliposoma hapo nilifunga ukurasa. Simlinganishi mtu yule nami, na yaliyokuwa moyoni mwake mahakama ilikwisha kuyapima. Lakini maneno "nilidhani ni mwizi" yangekuwa maneno yangu. Ningeyasema wapi? Kaburini kwa mwanangu?

Nimesoma pia habari za kijana wa Kijapani, Yoshihiro Hattori, mwenye miaka 16, aliyekuwa Baton Rouge, Marekani, kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi kati ya nchi. Mwezi Oktoba 1992 alikuwa anakwenda kwenye sherehe, akakosea nyumba. Mwenye nyumba alimwamuru asimame, kijana hakuelewa, akapigwa risasi akafa. Mahakama ya jinai ilimwachia huru mwenye nyumba. Ninawafikiria wazazi wa kijana yule. Ninamfikiria na mwenye nyumba, kwa sababu leo najua alichokiona pale mlangoni.

Upo utafiti ulioongozwa na daktari Arthur Kellermann na kuchapishwa mwaka 1993, uliochunguza mauaji yaliyotokea majumbani katika maeneo matatu ya Marekani. Ulikuta kwamba nyumba yenye silaha ilikuwa na uwezekano wa kutokea mauaji karibu mara 3 kuliko isiyo nayo, na wauaji wengi walikuwa jamaa au watu wanaofahamika. Wapo waliopinga, wakasema anayenunua silaha ni yule ambaye tayari yuko hatarini. Huenda ni kweli, na mimi ni mmoja wa wanunuzi hao. Lakini hebu fuata maana yake: kama hatari ndiyo inayotununulisha silaha, basi mwenye kazi ya kuiondoa hatari ndiye anayeamua silaha ngapi zitalala kwenye droo za vitanda.

Najua wapo watakaosoma barua hii wakasema suluhisho ni kunyang'anya watu silaha. Wengine watasema kila baba apewe. Sina nguvu ya kubishana nao. Aliyefungwa mikono kwa waya wa pasi mbele ya mtoto wake hawezi kuambiwa akae tu asubiri, na anayemwambia hivyo lazima ampe cha kusubiri. Mke wangu anataka bastola irudishwe polisi kesho asubuhi. Mimi nimeirudisha kwenye kasha, risasi nimezitoa nimempa yeye azifiche nisipopajua. Tumefika hapo. Zaidi ya hapo sijui nifanye nini, maana wale watano hawajakamatwa mpaka leo.

Kwa nini simu haipokelewi? Mimi sijui mambo ya ndani ya wizara yako. Naambiwa usiku anaachwa askari mmoja mwenye simu, naye huyo huyo analinda mahabusu. Naambiwa wengi wako kwenye malango ya wakubwa. Lango lako nimelipita mara nyingi, Mheshimiwa, na sijawahi kukuta halina mtu, usiku wala mchana. Sikuonei wivu. Naomba usingizi unaoupata wewe kwa sababu ya wale vijana waliosimama pale, nami niupate, hata robo yake.

Mafuta ya gari yanagharimu fedha, kituo kinahitaji askari, doria inahitaji mpango wa kudumu. Yote hayo uliyaahidi na yote bado nayadai. Wanaopewa silaha wakaguliwe nyumbani, wafundishwe gizani na si mchana tu, waulizwe maswali ambayo mimi sikuulizwa. Hayo nayo nayadai. Lakini leo nimekuja na moja, na kama utalitimiza hili moja nitayasubiri mengine bila kuandika tena.

Simu ipokelewe.

Nimelifikiria sana hili usiku. Hata kama gari lisingekuja. Hata kama askari angekuwa mmoja tu, mbali, hana mafuta, hana viatu. Angepokea tu, akaniuliza, "Mzee, mko wangapi nyumbani?" Ningejibu wawili. Angeuliza, "Kuna mtu mwingine yeyote mwenye uwezo wa kuingia, mtoto, ndugu?" Ningemkumbuka. Ningesema, yupo mwanangu, yuko shule. Angesema, "Una hakika? Jifungieni chumbani, mwite jina lake kwanza." Maneno hayo yangenitosha. Nilihitaji sauti moja ya mtu asiye na hofu, kwa dakika moja, na serikali yangu haikuwa nayo.

Badala yake kilichomwokoa mwanangu ni ugonjwa wake.

Siku ukiipokea barua hii, nakuomba usinipangie miadi wala usinitumie msaidizi. Fanya jambo dogo: usiku, saa 8, usiwaambie watu wako, chukua simu ya kawaida ambayo namba yake haijulikani, piga ile namba uliyotutangazia. Hesabu itaita mara ngapi.

Kisha tafadhali, Mheshimiwa, ipokelewe.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Baba wa kijana yule