Shoga, usihesabu miezi mitatu peke yake

Likoni, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Kijana alitimiza miezi mitano juzi, ameanza kujigeuza mwenyewe, na mavyaa anasema jino li karibu. Mamako nilikutana naye Marikiti wiki iliyopita. Alinishika mkono akaniambia, "Mwambie mwenzako ale." Basi nimekwambia.

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu. Umeniuliza neno moja tu: urudi kazini lini? Umesema mwajiri anataka tarehe sasa, nawe tumbo lina miezi minane na hata jina la mtoto hujachagua. Nilianza kukujibu kwa simu nikafuta, maana hili si jambo la mistari miwili. Nimengoja mtoto alale ndipo nikae nikuandikie vizuri.

Mimi nilikosea hesabu, na kosa langu nataka likufae wewe. Niliposikia miezi mitatu nikadhani ni miezi mitatu ya mtoto. Siyo. Sheria ya Ajira ya 2007 inatupa miezi mitatu yenye mshahara kamili, lakini hesabu inaanza siku unayotoka kazini. Mimi nilitoka wiki mbili kabla ya tarehe niliyoandikiwa kliniki, kwa sababu miguu ilivimba na ngazi za ofisini zilinishinda. Mtoto naye akachelewa wiki nzima. Alipozaliwa, wiki 3 zilikuwa zishakwenda. Arobaini ikapita nikikandwa kwa maji moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, sijui leo Jumatatu wala Ijumaa, na nilipokuja kufungua kalenda nikakuta likizo itaisha mtoto akiwa na wiki 10. Wiki kumi, shoga! Shingo ndiyo kwanza inaanza kukaza.

Nililia siku ile. Si kwamba kazi siitaki. Naipenda kazi yangu na sioni haya kulisema mbele ya mtu yeyote. Miaka sita sasa nashika stakabadhi za makontena, na meli ikitia nanga Kilindini najua mzigo wa nani umo na karatasi gani inakosekana. Nililia kwa kuwa tarehe ilishajipanga yenyewe, na mimi nilikuwa sijaulizwa, wala mtoto.

Bwanangu alitaka niombe miezi miwili bila malipo. Tulikaa na kalamu: kodi ya nyumba, chakula, karo ya mdogo wangu. Haikutosha hata tulipoondoa nyama. Wako wanaoweza, na kama nyinyi mnaweza, fanyeni bila kumwogopa mtu. Sisi hatukuweza.

Kilichoniokoa ni jambo ambalo hakuna aliyewahi kunitajia: likizo ya uzazi haili likizo ya mwaka. Zile siku 21 za kazi unazostahili kila mwaka ziko palepale, na mwajiri akiridhia unaziunga nyuma ya likizo ya uzazi. Mimi nilikuwa nimeshatumia 3 wakati wa Idi, zikabaki 18. Ofisi yetu inafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, kwa hiyo siku 18 ni wiki tatu na siku tatu. Likizo ya uzazi iliisha Jumapili, nikahesabu kuanzia Jumatatu, na siku ya kurudi ikaangukia Alhamisi.

Alhamisi hiyo ilikuwa rehema. Ningerudi Jumatatu ningekuwa na siku tano mbele yangu kama mlima. Alhamisi ni siku mbili tu, kisha unakaa na mwanao Jumamosi na Jumapili, unajua sasa wapi pamekuuma na nini umesahau. Na wiki iliyofuata mtoto alikuwa anatimiza wiki 14, siku za chanjo ya tatu baada ya zile za wiki 6 na 10. Niliomba asubuhi ile moja mapema kabisa, ndani ya barua ileile ya kurudi, nikapewa. Ukiweza kuchagua, chagua siku ya katikati ya wiki.

Sasa nikwambie jinsi ya kurudi, maana kwangu mimi hilo lilikuwa zito kuliko lini.

Nilikwenda ofisini wiki mbili kabla, mtoto nimembeba, kuzungumza na mkubwa wangu. Akanikaribisha vizuri, akamsifu mtoto, kisha akaniambia kijana aliyeshika nafasi yangu "ameshazoea", kwa hiyo mimi nitakaa mapokezi kwa muda. Mapokezi, shoga, na posho ya bandarini inakatwa. Niliishiwa maneno. Nilirudi nyumbani nikaandika barua ya ukurasa mmoja, kwa adabu, nikasema kwamba sheria inampa mama haki ya kurudi kwenye kazi aliyoiacha, au kazi nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyopungua yale ya kwanza. Sikutishia mtu. Siku ya tatu nikapigiwa simu kwamba meza yangu inanisubiri. Nadhani hawakuwa na nia mbaya, walikuwa hawajafikiri tu. Lakini ningenyamaza ningekuwa mapokezi mpaka leo.

Katika barua ileile nikaomba pahali pa kukamulia maziwa. Jibu la kwanza lilikuwa msalani kuna mlango wenye komeo. Hapana. Sheria ya Afya ya 2017 inataka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha na kukamulia, na yenyewe inasema pasiwe chooni. Pawe na maji ya kunawa, kiti, meza, umeme na friji. Inakupa pia muda wa kukamua au kunyonyesha, mbali na ule wa chakula cha mchana, usiozidi saa moja kwa kila saa nane za kazi, na humo mmehesabiwa kwenda na kurudi. Hatimaye nikapewa chumba cha mafaili. Kina joto, lakini kina komeo, nami nimetundika leso dirishani. Ile ya bluu uliyonipa siku ya ndoa yangu.

Muda huo ufikirie sana kabla hujaomba. Mimi nyumba iko ng'ambo ya maji, siwezi kwenda kunyonyesha nikarudi, kwa hiyo nakamua mara mbili, saa nne na saa nane. Wewe hapo Voi, kutoka dukani hadi nyumbani ni dakika kumi kwa miguu. Omba muda wako wote kwa mkupuo mmoja, uunge na chakula cha mchana, uende ukamnyonyeshe mwenyewe. Ningekuwa na njia hiyo nisingegusa chupa hata moja.

Wiki moja kabla ya Alhamisi ile, mavyaa alinipa shauri ninalomshukuru mpaka sasa. "Toka kama unakwenda kazini," alisema, "lakini usiende." Niliamka alfajiri, nikanyonyesha, nikavaa nguo za kazi, na saa kumi na mbili u nusu nikashuka kivukoni na umati wa asubuhi. Nilipovuka, badala ya kupanda matatu ya mjini, nikapinda kulia nikafuata njia ya Mama Ngina mpaka kwenye mibuyu. Nikanunua dafu nikakaa nikitazama meli ikipita mlangoni kuelekea Kilindini. Saa ya kwanza nilijiona nimetulia. Saa ya pili nilipiga simu mara nne. Ilipofika saa tatu na robo hivi, mama mmoja akapita na mtoto mgongoni analia. Hakuwa wangu, hata sauti haikufanana, lakini maziwa yalishuka palepale, blauzi ikalowa mbele ya watu, nikajifunika mtandio, machozi nayo yakanitoka. Muuza madafu, mzee wa makamo, aligeuza uso upande wa bahari akanipa nafasi yangu. Mungu amlipe.

Siku ile ilinifundisha kuliko yote niliyoambiwa. Nilijua kwamba mwili wangu hauvuki asubuhi nzima bila kukamua. Nilijua kwamba blauzi nyeupe si ya miezi hii, na kwamba leso ya ziada lazima ikae mkobani. Nilijua pia kwamba kutoka pale nilipokaa mpaka mlangoni kwangu ni muda wa saa moja na dakika 20, kwa sababu feri mbili zilijaa zikaniacha ukingoni, na hizo dakika ndizo zilizonifanya niombe kuingia kazini nusu saa mapema ili nitoke kabla ya umati wa jioni. Nisingejaribu nisingeyajua haya mpaka siku yenyewe. Nawe jaribu, hata kama njia yako ni fupi.

Na mtoto? Alimkatalia mavyaa kwa saa nzima. Kijiko alikitema. Nesi wa kliniki alikuwa ametuonya tusimzoeshe chupa, akasema kikombe kidogo kinatosha hata kwa mtoto mchanga. Mavyaa akatoa kikombe cha kahawa, vile vidogo visivyo na mkono, akakichemsha, akamkalisha wima mapajani na kumgusisha mdomo wa chini. Akaramba, akaramba tena, akamaliza. Tangu siku hiyo nyumbani tunapima kwa vikombe vya kahawa.

Ila na mavyaa tulikuwa na letu, na nakwambia kwa sababu mamako naye ni wa zamani hizo. Alikuwa akiniambia mtoto ana kiu, joto hili, apewe maji kidogo, na nikiondoka apewe uji mwepesi. Analea kwa mapenzi, na wanawe wote aliwalea hivyo. Mimi nilitaka maziwa yangu matupu mpaka miezi sita, kama wanavyoshauri Shirika la Afya Duniani. Tukaanza kununiana, na mtu utakayemwachia mwanao usinuniane naye. Nilichofanya ni kumwomba anisindikize kliniki wiki ya 10. Akaketi na nesi, akauliza maswali yake yote, akajibiwa kwa heshima kwamba katika maziwa ya mama maji yamo tayari, hata wakati wa kaskazi. Akarudi nyumbani yeye ndiye mlinzi. Sasa jirani akimletea mtoto uji mavyaa anamrudisha mlangoni.

Kuhusu maziwa yenyewe, shika haya. Wanasema nje ya friji yanakaa saa nne chumba kikiwa na nyuzi 25 au chini yake, na sisi Pwani nyuzi hizo tunaziona usiku wa kusi tu, kwa hiyo usiyaache mezani. Kwenye friji siku nne. Kwenye kasha lenye barafu saa 24, na hiyo ndiyo inayonivusha mimi bahari kila jioni. Andika tarehe juu ya kila kichupa, ya kwanza kukamuliwa ndiyo ya kwanza kunywewa. Usiyachemshe; tia kichupa kwenye bakuli la maji moto. Aliyoyabakisha kikombeni yamwagwe. Anza kuweka akiba wiki mbili au tatu kabla, kidogo kidogo baada ya ziwa la asubuhi, na umwulize jirani mwenye friza kama atakuwekea, maana stima ikipotea siku nzima utalia.

Alhamisi yenyewe sina mengi ya kusema. Bwanangu alichukua siku zake mbili za likizo akakaa nyumbani na mamake, na hilo lilinitia nguvu kuliko maneno. Nilikamua, nikafanya kazi, nikavuka. Nilipofika mtoto aliniangalia kama ananikagua, kisha akanyonya nusu saa bila kuniachia. Usiku huo aliamka mara tano. Wengi huwa hivyo, wanalipiza usiku walichokosa mchana, na wiki ya tatu alipunguza.

Basi kwa mwajiri wako, mimi ningefanya hivi. Mpe kwa maandishi tarehe ya kutoka. Sheria inataka notisi ya siku 7 au zaidi. Andika kwamba utarejea likizo ikiisha, na kwamba unaomba kuunganisha siku zako za mwaka. Weka nakala yenye sahihi yake. Na kama mwili unakuruhusu na daktari hana neno, usitoke mapema kama mimi, kila wiki unayobaki kazini sasa utaila na mtoto baadaye. Ukichoka, toka. Usijiumize kwa ajili ya hesabu yangu.

Nakutumia kifurushi kwa basi la kesho asubuhi. Ndani kuna bizari ya uzazi kutoka Marikiti, leso pea mbili, kasha dogo la barafu nililotumia mimi miezi miwili ya kwanza, na nakala ya barua yangu uifuate ubadilishe yako. Vikombe vya kahawa ni sita. Mavyaa ndiye aliyevifunga, na amesema usivinywee mpaka mtoto amalize kazi navyo.

Uchungu ukianza nipigie, saa yoyote. Simu naiweka chini ya mto.

Shoga yako,
wa Likoni