Pesa ya betri sileti

Kaka Khamis,

Assalamu alaykum. Shikamoo. Sisi huku wazima, Alhamdulillahi. Baridi imeanza kuuma na kazi za usiku ni zile zile, hayo tuyaache.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho, pamoja na pale ulipokuwa ukigombana na muuza samaki. Laki mbili za betri ulizoomba sileti. Usikasirike kwanza, nisome. Hii ni betri ya pili tangu gari ishuke bandarini Mkoani, na matairi ni yale yale iliyokuja nayo. Betri hazifi hivyo, Kaka. Zinauliwa.

Unasema gari unaitunza, umeifunika turubai, mtoto haigusi. Basi ndilo hilo hilo linaloiua. Gari ikizimwa haijalala: saa inakwenda, alamu iko macho, kompyuta ya injini inashika kumbukumbu zake, na wote hao wanakula betri usiku na mchana. Tuseme ni miliampea 30 tu. Kwa mwezi ni zaidi ya Ah 20 (ampea-saa, ndicho kipimo cha umeme unaokaa ndani ya betri), na betri ya gari ndogo kama ile haizidi sana Ah 40. Piga hesabu mwenyewe, wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza wa hesabu skuli ya Fidel Castro na Mama mpaka leo anatusimanga nayo. Miezi miwili chini ya turubai, imekwisha. Na ikiachwa hivyo hivyo imekwisha, chumvi ya salfeti iliyoganda kwenye sahani za madini ya risasi mle ndani inakuwa ngumu, hata ukija kuichaji haishiki vizuri tena. Joto la kwetu nalo linaharakisha.

Halafu hii ya kila Ijumaa kuiwasha dakika kumi uani. Starta inavuta umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, kisha injini inaunguruma taratibu chini ya mwembe, altaneta, ile inayoichaji betri injini ikienda, haitoi cha maana, na wewe ndani umewasha AC na redio. Unachota kwa ndoo unarudisha kwa kijiko. Gari inataka itembee, nusu saa au zaidi, mwendo wa barabarani, kila wiki. Machomanne mpaka Wete na kurudi yatosha kabisa.

Na jioni za mechi je? Nimeambiwa, na sisemi nani kaniambia. Milango minne wazi, redio juu, simu za vijana zimechomekwa, injini imezimwa. Umeme ukikatika gari yangu ndiyo jenereta ya mtaa! Asubuhi haiwaki, mnakusanyana kuisukuma mpaka msikitini. Gari ya otomatiki haiwaki kwa kusukumwa, hata mkiifikisha Wesha.

Mie sikwambii haya kwa kusoma. Yangu hapa hukaa majuma mazima nje sijaigusa, maana kazini nakwenda kwa basi, na betri ikishikwa na baridi hupoteza nguvu ya kuwasha. Mwaka jana asubuhi ya theluji wanaume mtaa mzima wamefungua maboneti, wanangoja wa kuwabusti betri. Yangu ikawaka mara moja. Jirani, mzungu mtu mzima, akaja kuazima chaja kwangu. Kwangu mie, binti wa Machomanne! Nilimpa na kumwonyesha jinsi ya kuifunga. Hapo msomee Mama, na wifi pia, yule aliyesema wanawake na magari wapi na wapi.

Chaja kama hiyo hiyo nimenunua ya kwenu, anakuja nayo Bi Asha. Plagi ni ya pini tatu kama zetu. Inapandisha volti mpaka 14 na kitu, betri ikijaa inajishusha yenyewe 13 na nusu, unaweza kuiacha hapo siku nyingi. Mwambie fundi atangulize kufungua waya wa hasi, spana namba 10, na huo huo arudishe mwisho. Ule ukoga wa kijani kwenye tamino, pale waya zinapofungwa kwenye betri, uoshwe kwa maji ya moto na baking soda, pakaushwe, papakwe grisi. Kama vifuniko vinafunguka, ongezeni maji ya betri ya dukani, si ya kisima. Na sigara zako kaa nazo mbali, betri ikichajiwa hutoa haidrojeni na ile hushika moto.

Fundi kapima akapata volti 11.4 akasema imekufa. Hiyo ina njaa. Ichajiwe ijae, ichomolewe, ilale usiku, asubuhi ipimwe. Ikisoma 12.6, ni nzima. Ikianguka tena chini ya 12.2, hapo nitaamini na tutazungumza.

Sasa la ufunguo. Mama anakwenda hospitali ya Abdalla Mzee kwa daladala na mguu ule, na gari iko uani imevikwa kama bibi harusi. Mie gari ile nilinunua kwa ajili ya mguu wa Mama. Salma ana leseni, ameipata kwa haki, na wewe ufunguo unalala nao chini ya mto. Unasema watu watasema. Watu walisema niliposafiri mie pia, na leo wao ndio wa mwanzo kuuliza pesa zimefika?

Karafuu zimeanza kuanikwa? Salma alinipigia juzi, nikasikia watoto wanafukuzwa juu ya majamvi, nikakata simu nikasema mtandao mbaya. Shokishoki nazo msinitumie tena picha. Ni ukatili.

Elfu hamsini za petroli nimezituma kwenye simu ya Salma. Si kwako, Kaka, uniwie radhi. Jumamosi wampeleke Mama Konde kwa shangazi. Wewe kaa kiti cha mbele ukipenda, usukani ni wa Salma. Na kila ikitoka safari fundi aipime asubuhi yake, mnitumie namba. Namba tu, si ujumbe wa sauti wa robo saa.

Nisalimie wifi na watoto.

Mdogo wako,
Zuhura

Bi Asha anarudi huku mwezi ujao. Halua ya Wete, kilo mbili, na afunge Mama mwenyewe. Ile uliyofunga wewe ilifika imekwishaonjwa.