Injini nimeisikia, sasa niambie habari za breki

Kizota, Dodoma

Mwanangu Yohana,

Salamu. Huku hatujambo, baba yako mgongo unamsumbua lakini anakwenda shamba hivyo hivyo. Video uliyomtumia Neema imezunguka nyumba nzima, hadi mama wa jirani ameitwa aje aitazame. Nimeisikia injini. Imetulia, haigongi, na ule moshi wa kuwashia ulikuwa mwembamba, ukakatika. Kwa miaka niliyokaa nyuma ya meza ya duka la spea najua sauti ya injini inayokufa, na hiyo haifi leo. Hongera. Kuna wazee wenye gereji zao hapa mjini wamefunga 1JZ, zile injini za Toyota za silinda sita, zikaishia kukoroma, na wewe umeifunga kwenye kibanda cha kukodi huko Gerezani, Dar es Salaam, bila kreni.

Sasa, breki?

Nimeisimamisha ile video pale tairi la mbele lilipokaribia kamera. Disiki ni zile zile gari lilizokuja nazo. Gari lako ni Toyota GX100 ya 1997, lilitoka kiwandani na injini ya 1G, yenye nguvu ya farasi 140. Umeliwekea injini ya farasi 280. Toyota wenyewe walipoweka 1JZ ya tabo, yaani yenye feni ya kuisukumia hewa ndani, kwenye bodi hiyo hiyo, wakaiita Tourer V, waliipa breki kubwa zaidi na difu nzito zaidi. Wale ni watu wanaohesabu bei ya kila nati. Kama ingewezekana kubana matumizi hapo, wangebana kabla yako.

Najua utanijibu kuhusu Wamarekani, maana ulinieleza kwenye simu hadi vocha ikaisha. Wanachukua V8 ya lita 5.3 kwenye Chevrolet za mizigo zilizokufa, wanaifunga tabo ya bei nafuu, wanaiweka kwenye Mustang au Camaro ya zamani, gari linaruka. Sikatai. Zile injini zilianza kutoka 1999, zikatengenezwa kwa wingi mno, kwa hiyo kwenye makaburi ya magari ya kwao zinauzwa karibu na bei ya chuma chakavu. Nafuu ni kile kilichorundikana karibu na mtu. Kwetu kilichorundikana ni Toyota, na hilo uliliona wewe wakati mimi bado nakuhimiza uuze hilo gari ununue IST. Ila kuna kitu umekiruka. Mustang nyingi za miaka ya 1960 zilitoka na breki za dramu magurudumu yote manne, na mwenye akili kule anaziondoa kabla hajaongeza nguvu. Kwenye video hukuliona hilo kwa sababu breki haina mlio wa kuwafurahisha watu.

Uliisoma fizikia, ada nililipa mimi. Gari likitoka mwendo wa 80 kwenda 120, mzigo wa breki hauongezeki nusu, unafika mara mbili na robo. Na hiyo 120 ambayo zamani ilikuchukua muda kuifikia, sasa utaifikia kabla hujamaliza kulipita lori moja.

Mambo mengine umeyafanya vizuri, nisiwe mama wa kulalamika tu. Kununua mbele nzima iliyokatwa, yenye waya zake, kontroli boksi yake na giaboksi yake, ilikuwa busara kuliko wale wanaonunua injini tupu halafu wanahangaika mwaka mzima kutafuta sensa moja moja. Ulipima kompresheni silinda zote sita kabla ya kulipa, ukabadilisha taimingi belti na pampu ya maji injini ikiwa bado chini. Hata baba yako aliitikia kwa kichwa nilipomsomea, na unajua yeye hasifu. Pesa nyingine za injini zilitoka wapi, mimi na wewe tunajua. Yeye anaamini wale mbuzi waliibwa. Tuyaache.

Lakini hilo la kutaka kuongeza presha ya tabo, hapana. Injini yako ni ya kabla ya 1996, yenye tabo mbili ndogo, na feni zake za upande wa moshi ni za seramiki. Ukizisukuma kupita kiasi zinapasuka, halafu utanipigia uniulize kama kuna tabo Dodoma. Tena Wajapani waliipangia petroli yao nzuri, ile inayouzwa kwao kama okteni 100. Wewe unaweka ya kituo chochote. Presha ikizidi, petroli ikiwa dhaifu, joto la huku likiongezeka, injini inaanza kugonga kwa ndani, na pistoni inatoboka ukiwa bado unasikiliza redio. Na huku tuko juu, zaidi ya mita elfu moja kutoka usawa wa bahari, ambako injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Yako tabo inafidia. Kwa hiyo wenzako wakifika Dodoma wamepungua, wewe utakuwa mzima. Unataka nini zaidi?

Umesema Krismasi unakuja na hilo gari. Hapo ndipo usingizi unapokata. Barabara unaijua. Kutoka Dumila hadi Gairo ni kupanda na kukunja kona, na malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yote yamo humo humo. Kibaigwa malori ya mahindi yanageuka barabarani kama yako uani kwao. Mbuzi hawajui kuwa umefunga injini mpya. Sisemi habari za tochi za askari za kupima mwendo, maana faini ya elfu thelathini unaimudu. Nasema habari za kusimama.

Treni ya umeme ipo tangu 2024, inakufikisha hapa kwa saa chache, unakula njiani, unashuka. Gari likamalizwe taratibu Januari. Najua hutaki. Vijana wenzako wa Area C wanakusubiri walione, na Neema ameshawatangazia.

Basi kama lazima uje nalo, sikiliza. Dukani nina kalipa, zile zinazobana disiki, na disiki za mbele za Tourer V, seti kamili. Niliziweka chini ya meza tangu uliponiambia umepata injini, na nimezikataa pesa za mteja mmoja aliyezitaka sana. Ila haziingii kwenye rimu ndogo. Pima rimu zako uniandikie ni inchi ngapi. Padi nitakupa mimi, usinunue za huko barabarani. Maboksi wanayaiga hadi herufi, ndani ukiikuna kwa kucha inatoka unga. Badilisha mipira yote ya breki, usiangalie kama inaonekana mizima. Mafuta ya breki mwaga yote, weka DOT 4 mpya, maana ya zamani yana maji ndani na yakichemka mguu unazama hadi chini. Masta silinda ikague.

Na matairi. Yale mapana uliyonunua ya mtumba, soma tarakimu nne ubavuni. Ikiandikwa 2314, ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na hilo si tairi tena hata kashata zake ziwe ndefu.

Kadi ya gari bado inasema 1G. Nenda TRA namba ya injini ibadilishwe, na bima waambie ukweli. Askari akifungua boneti akakuta kitu kingine, usitaje jina la duka langu.

Habari za hapa. Zabibu za Mpunguzi zimeshika vizuri ila dawa ya ukungu imepanda bei, na mvua zikianza mapema tutapiga zaidi. Bati la jikoni linavuja pale pale. Fundi alikuja, akanywa chai, akaondoka. Neema anajifunza kuendesha kwa pikapu ya mjomba wake, na yeye ana mguu mwepesi wa breki kuliko wewe, nimemwona. Bibi anauliza lini unaoa, nimemwambia umeoa Toyota. Hakucheka.

Boksi nitalipakia kwenye basi la asubuhi ukinitumia ukubwa wa rimu. Ukishafunga, nitumie picha ya breki, sitaki ya injini, ya injini ninayo. Na lile sanduku la mbao nitakaloweka kalipa urudi nalo, baba yako anawekea misumari.

Mama yako