Atapata hasara, au atatiwa hasara?

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu katika jina la Bwana. Tangu nilipopokea barua yako nimekuwa nikilirudia swali lako kila jioni: je, maneno "atapata hasara" katika 1 Wakorintho 3:15 yana maana kwamba Mungu atamwadhibu kwa moto yule ambaye kazi yake imeteketea?

Kitenzi cha Kiyunani hapo ni zemioo, na wanaosikia adhabu ndani yake wana sababu, kwa kuwa kilitumika sana kwa maana ya kumtoza mtu faini. Ndicho kilichotumika katika Agano la Kale la Kiyunani, Kumbukumbu la Torati 22:19, pale mume aliyemsingizia mkewe anapotozwa shekeli 100 za fedha. Katika Agano Jipya kinatokea mara 6, zote katika kauli ya kutendwa. Ndiyo maana mimi ningesema "atatiwa hasara".

Lakini Paulo anazungumzia ujenzi. Huko Tegea, katika nchi ya Wayunani, upo mkataba wa ujenzi uliochongwa kwenye jiwe katika karne ya 4 kabla ya Kristo, na kitenzi hikihiki kimo humo, kikiwahusu mafundi wanaotozwa kwa kukiuka masharti ya kazi. Tena neno la mstari wa 14 lililotafsiriwa "thawabu" ndilo lile la Mathayo 20:8, ujira wa vibarua wa shamba la mizabibu.

Nilimkumbuka fundi aliyetujengea ukuta wa ua. Mvua za masika zilipouangusha, alikuja asubuhi, akaokota tofali moja, akalifikicha kwa kidole gumba likamwagika mchanga mtupu. Hakuna aliyemgusa wala kumtukana. Alichukua mwiko wake na timazi akaenda zake, na salio la ujira wake hakulidai tena. Huyo alitiwa hasara, naye alikuwa mzima. Kwa Paulo jambo ni zito zaidi, maana mjenzi anatoka kama mtu aliyepenya katikati ya moto. Hata hivyo kinachoungua ni kazi, na yeye mwenyewe anaokolewa.

Usiache pia kuwasomea wasikilizaji wako Wafilipi 3:7-8. Katika mstari wa 7 Paulo anayahesabu mambo yaliyokuwa faida kwake kuwa hasara: "faida" kwa Kiyunani iko katika wingi, na "hasara" katika umoja, kana kwamba faida zake zote za ukoo na za sheria zimejumlishwa zikaandikwa kwa jina moja. Katika mstari wa 8 anakileta kitenzi chetu, ametiwa hasara ya mambo yote. Hakuishia kuhesabu, alinyang'anywa kweli. Mahali hapo hunigusa kila nisomapo, kwa kuwa hataji hata kimoja anachotaka arudishiwe.

Jumapili utakapofundisha, nakusihi uanzie mstari wa 10, penye msingi, ili wasikilizaji waufikie moto wakiwa wameshaiona nyumba.

Ni mimi ndugu yako katika Kristo.