NATO ilimng'oa Gaddafi, ikaiacha Libya

Mhariri,

Wanaodai NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, ilifaulu Libya mwaka 2011 wanatazama mabomu tu. Azimio namba 1973 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliruhusu kulinda raia, na hatari iliyowakabili watu wa Benghazi, mji wa waasi uliokaribiwa na jeshi la mtawala wa Libya, Muammar Gaddafi, ilikuwa ya kweli. Lakini kazi hiyo ikageuzwa kuwa ya kumwondoa Gaddafi. Aprili mwaka huo marais wa Afrika walifika Tripoli na mpango wa kusitisha mapigano. Waasi wakaukataa, mabomu yakaendelea. Gaddafi aliuawa Oktoba 20, na kabla mwezi haujaisha NATO ikafunga virago. Silaha za maghala ya Gaddafi zikavuka jangwa hadi Mali, ambako uasi ulizuka Januari 2012.

Sipingi kila uingiliaji. Sierra Leone, mwaka 2000, askari wa Uingereza waliiunga mkono serikali iliyochaguliwa, kisha wakabaki kufundisha jeshi lake. Libya nani alibaki? Hili linaniuma, maana vijana wetu wa Kiafrika wameuzwa huko kama watumwa.

Umoja wa Afrika udai jibu kabla ya bomu la kwanza: nani atalinda maghala ya silaha?

Msomaji,
Morogoro