Kisima cha bondeni kina alama mbili

Ndugu Mhariri,

Mito ya kusini ikifurika, magazeti huhesabu madaraja na kilomita za lami. Ndivyo ilivyokuwa Januari 2020 maji yalipoingia vijijini Kilwa, na tena Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara ya Dar es Salaam pale Somanga. Hatulaumu, maana barabara ikikatika hata unga haufiki. Ila kuna kingine kinachoharibika siku hiyohiyo na hakipigwi picha, nacho ni kisima. Mara nyingi ni kilekile kilichokuwa kikitoa tope mwezi Novemba, watu wakipanga ndoo tangu saa tisa usiku.

Tunazungumzia visima vifupi vya kuchimbwa kwa mkono, mita 4 hadi 12, katika mabonde ya maziwa yetu madogo kama Rutamba kule Lindi na Kitere kule Mtwara, na kandokando ya mito ya Lukuledi na Mbwemkuru. Huku hatuna vuli na masika. Tuna msimu mmoja, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, kisha miezi sita hivi ya ukavu. Ziwa likishuka, maji ya ardhini hulifuata; likipanda, nayo hupanda, upesi kwenye mchanga na polepole kwenye mfinyanzi. Fundi anayejenga kwa kuyaangalia maji aliyoyakuta siku ya kuchimba atakuwa amekosea upande mmoja, na pengine pande zote mbili.

Kisima cha bondeni hujengwa kwa alama mbili: maji yanaposhuka mwisho kabisa, na mafuriko yanapopanda juu kabisa.

Alama ya chini huipati mwezi wa Mei. Chimba mwishoni mwa Oktoba au Novemba kabla mvua hazijashika, ukishayakuta maji endelea walau mita moja na nusu hadi mbili ndani yake. Kazi hiyo ni ngumu kwa kuwa maji yanaingia huku unachimba, na ndiyo sababu watu huikwepa na kuchimba Juni, maji yakiwa karibu na bei ikiwa nafuu. Kisima cha Juni hukauka Septemba. Hakuna siri nyingine.

Kama kisima kipo tayari na kinakauka, usichimbe chini ya pete za zamani, yaani zile za zege zinazoshikilia ukuta wa kisima (wengi huziita kalavati). Ukizitoa udongo chini, zitashuka upande mmoja na kubana au kupasuka. Tengeneza pete nyembamba zinazopita ndani ya zile za kwanza, zenye upana wa nje wa sentimita 90 hivi ikiwa za zamani zina mita 1.2 kwa ndani, uzishushe taratibu huku ukichimba katikati. Pete mbili za chini kabisa zifanywe bila mchanga, saruji moja kwa kokoto ndogo nne, ili maji yapenye. Za juu zichanganywe saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kwa vipimo vya kijijini hiyo ni mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50, ndoo tatu na nusu za mchanga na ndoo saba za kokoto (ndoo ya lita 20), maji yasizidi lita 25 hivi. Mfuko huo hutoa pete moja ya mita 1.2 kwa ndani, kimo nusu mita, unene sentimita saba na nusu. Fundi anayekuambia mfuko mmoja unatoa pete tatu anakuuzia mchanga. Pete zifunikwe kwa magunia mabichi na kumwagiliwa siku saba kabla ya kushushwa. Mchanga wa baharini, ambao kwetu ni bure na uko karibu, usitumike kabisa, kwa sababu chumvi yake hula nondo na pete hupasuka kutoka ndani.

Nguvu ya kisima ipimwe Novemba. Chota ndoo 20 mfululizo, yaani lita 400. Katika kisima cha upana wa mita 1.2 maji yatashuka kama sentimita 35. Hesabu dakika hadi yarudi. Yakirudi kwa saa moja, kisima kinatoa karibu lita 400 kwa saa. Kwa saa 10 za kuchota ni lita 4,000, zinazotosha watu 200 kwa lita 20 kila mmoja. Kama mtaa una watu 500, foleni ya saa tisa usiku haitokani na ukorofi wa mtu yeyote. Pia si kila mahali kuongeza kina ni dawa. Karibu na pwani maji baridi hukaa juu ya maji ya chumvi, na ukizidisha kina au pampu, unayavuta ya chumvi. Huko ni afadhali visima viwili vifupi kuliko kimoja kirefu.

Alama ya juu waulize wazee, kisha iangalie mwenyewe kwenye miti na kuta ambako tope na takataka zilinata. Kwa kawaida mdomo wa kisima hujengwa sentimita 80 juu ya sakafu, na fundi akaondoka ameridhika. Kama maji yalifika mita moja, mdomo huo ni wa bure. Inua mahali pote. Jenga tuta litakaloipita alama ya mafuriko kwa nusu mita, sehemu ya juu iwe pana mita mbili kila upande wa kisima, miteremko yake iwe ya polepole, mita mbili kwa kila mita moja ya kimo. Udongo ushindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20. Ukimwaga wote kwa mkupuo mmoja utatitia msimu wa kwanza na sakafu itapasuka. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana kwa kazi hii. Kandokando panda ukoka.

Ufa wa sakafu unaonekana kitu kidogo, lakini maji machafu mengi huingilia hapo, hayapiti mdomoni. Mfinyanzi mweusi husinyaa kiangazi, ukaacha mwanya nyuma ya pete. Mvua ya kwanza huteremka na mwanya huo pamoja na kinyesi cha mbuzi hadi kwenye maji. Kwa hiyo mita tatu za juu ziungwe kwa saruji kila kiungo, na nyuma yake ujazwe mfinyanzi uliolowekwa na kukanyagwa hadi uwe kama udongo wa kufinyanga chungu. Choo kiwe mbali mita 30 au zaidi, upande wa chini wa mteremko. Choo cha shimo kinachozama kila Februari hakina umbali salama, nacho kiinuliwe.

Sasa mafuriko yamepita na kisima kilizama. Kosa la kwanza ni haraka. Usikikaushe wakati ardhi ya pembeni bado imelowa chepechepe, kwa sababu maji ya nje yatazisukuma pete ndani na kisima kitaporomoka, pengine mtu akiwemo. Subiri maji yatoke juu ya ardhi na kina ndani ya kisima kianze kushuka chenyewe.

Kosa la pili linaua. Mashine ya petroli ya kuvutia maji isiteremshwe kisimani, wala isiwekwe mdomoni moshi wake ukaingia ndani. Moshi huo hauonekani wala haunuki vya kutosha kukuonya. Wa kwanza huanguka, wa pili anayeshuka kumwokoa naye huanguka. Wengi hutegemea kibatari: kikizimika, hewa hakuna. Ni kweli, kikizimika mtu asishuke. Lakini kibatari huwaka vizuri tu penye sumu ya moshi wa mashine, hivyo kuwaka kwake si ruhusa. Anayeshuka afungwe kamba kifuani, na juu wawepo watu wawili wa kumvuta.

Toa maji na tope lote, sugua pete kwa brashi, weka changarawe mpya chini kama sentimita 20, kisha kila mtu atoke. Acha maji yajae tena. Yakiwa bado na tope yatoe tena, maana klorini humalizikia kwenye uchafu na vijidudu vikabaki. Yakitakata, pima kina. Kwa kisima cha mita 1.2, kila mita moja ya maji ni lita 1,130. Chukua klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70, vijiko vikubwa vinne vilivyosawazishwa kwa ndoo ya plastiki yenye lita 20 za maji. Tia unga kwenye maji, usimwage maji juu ya unga, na usiuweke karibu na mafuta. Mchanganyiko huo ni lita 1 kwa kila lita 100 za kisima, yaani lita 11 kwa kila mita ya kina. Mwaga kwa kuzungusha ukutani. Funika usiku kucha, na mtu yeyote asishuke tena. Asubuhi chota na kumwaga mbali na bustani na ziwa hadi harufu iwe hafifu.

Baada ya hapo maji bado yachemshwe au yatiwe dawa nyumbani kwa wiki kadhaa, kwa sababu yanayoingia upya yanapita kwenye udongo ulioloweshwa na vyoo. Kumwaga klorini kisimani kila jumatatu, kama tunavyoona wakati wa kipindupindu, ni kupoteza dawa. Ndani ya saa chache maji mapya yameshaichukua nafasi ya yale yaliyotibiwa. Dawa ikae kwenye ndoo ya mchotaji.

Paa la bati lisaidie. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Nyumba ya mita 8 kwa 6 ikipata milimita 900 kwa mwaka huweza kukinga zaidi ya lita 34,000, hata ukitoa moja ya tano inayopotea. Wenzetu wa Newala na Tandahimba, ambako maji ya ardhini yako mbali mno, hawahitaji kufundishwa hili. Bondeni tu kumbuka kwamba tenki la plastiki tupu huelea. Lifungwe, au liachwe na maji ndani.

Ombi letu ni kwa jumuiya za watumia maji, zile zinazoratibiwa na RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini) chini ya Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya 2019. Kila kisima kiwe na kamba yenye jiwe na mafundo kila nusu mita, na daftari la kuandika kina tarehe 1 na tarehe 15 za kila mwezi. Mafuriko yakipita, kabla jua halijakausha tope kwenye kuta, mtu apite na kopo la rangi nyekundu, apige mstari na kuandika tarehe. Atakayekuja kujenga asiulize fundi wa mwaka jana aliona nini. Asome ukutani na kwenye daftari, ndipo anunue saruji.

Mafundi wa visima,
Rutamba, Lindi