Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: Jicho lenye majimaji halisubiri miezi mitatu

Mheshimiwa Waziri,

YAH: WAGONJWA WA MAKULA WANAOPOFUKA WAKISUBIRI MIADI

Kwa heshima na taadhima, mimi ni muuguzi wa kliniki ya macho. Sikuombi jengo wala mashine mpya. Naomba kwanza utoe agizo hili: mtu yeyote aliyevuka miaka 50 akisema mistari iliyonyooka imeanza kumpindia, au doa limemkaa katikati ya kila anachokitazama, asipewe miadi ya kawaida ya miezi mitatu. Aonwe haraka, apigwe picha ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, na akikutwa na makula ya majimaji, ugonjwa nitakaoueleza hapa chini, achomwe sindano ya kwanza ya jicho ndani ya siku 14 tangu aandikiwe rufaa. Muda huo si wa kubuni kwangu. Ndio ulioandikwa mwaka 2018 katika mwongozo wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba Uingereza.

Makula ni sehemu ndogo ya katikati ya retina, upana wake milimita tano na ushei. Ndiyo tunayosomea, tunayotungia uzi kwenye sindano na tunayotambulia sura za watu. Ikizorota, pembeni mtu anaendelea kuona. Ndiyo maana mzee anapita katikati ya viti bila kujikwaa, kisha anashindwa kumtambua mwanawe aliyesimama mbele yake. Nyumbani wanasema anajifanya. Wengine wanasema ana kiburi siku hizi, hasalimii watu.

Ugonjwa huu una sura mbili. Makula kavu, ambayo ndiyo ya wagonjwa wengi, huenda polepole kwa miaka: uchafu wa manjano uitwao druzeni hujikusanya chini ya retina na chembe za kuonea hufa kidogo kidogo. Makula ya majimaji huwapata wachache, yapata mmoja katika kila kumi, lakini kabla ya sindano kupatikana ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya upofu mzito wa ugonjwa huu. Mishipa mipya ya damu huota mahali isipotakiwa, huvuja, na kovu likishajijenga hakuna dawa ya kulifuta. Hapo tunahesabu wiki, Mheshimiwa. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, lilikadiria watu milioni 196 wana kuzorota kwa makula, kwa hiyo sikuandikii juu ya ugonjwa wa nadra.

Mbona wanachelewa? Kwanza, jicho zima humfichia mwenzake. Mgonjwa hutazama kwa macho yote mawili na hajui kwamba moja limeharibika mpaka siku anapolifumba zima kwa bahati tu. Pili, kila uoni wa mzee ukipungua tunadhani ni mtoto wa jicho au miwani imepitwa na wakati. Nimepokea watu waliobadilishiwa miwani mara kadhaa bila mtu hata mmoja kuwatia matone ya kupanua mboni na kutazama nyuma ya jicho. Hapo miwani ni ya kuuza tu.

Kuna kipimo kisichogharimu chochote zaidi ya karatasi: miraba ya Amsler, iliyotokana na kazi ya Marc Amsler, daktari wa macho wa Uswisi, miaka ya 1940. Mgonjwa huvaa miwani yake ya kusomea, hufumba jicho moja, hukazia macho nukta ya katikati, kisha husema kama kuna mistari iliyopinda au iliyokatika. Karatasi hiyo ibandikwe kila kituo cha afya, na kila mwenye makula kavu aende nayo nyumbani. Lakini isigeuzwe cheti cha uzima, maana dalili za mwanzo za makula kavu hazionekani humo, na hata majimaji kidogo yanaweza kupita bila kugundulika. Mwenye kukata shauri ni picha ya OCT, teknolojia iliyotangazwa mwaka 1991, inayoonyesha tabaka za retina kwa dakika chache bila kumchoma mtu.

Dawa ya sindano ya makula ya majimaji ipo. Ranibizumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2006. Bevasizumabu, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani, ni ya bei nafuu zaidi kwa mbali, na utafiti wa CATT wa mwaka 2011, uliolinganisha dawa hizo mbili, ulikuta inalinda uoni sawa na mwenzake. Mwaka 2013 iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dozi ya jicho ni mililita 0.05 tu, hivyo kichupa kimoja huhudumia watu wengi. Hapa ndipo panapotaka saini yako: kichupa kigawanywe na mfamasia katika chumba kisicho na vijidudu, kamwe kisigawanywe mezani kliniki. Dozi zilizochafuka zimewahi kuwapofusha watu waliokuja kutafuta tiba.

Na sindano haiponyi, inazuia. Huanza kila mwezi, kisha nafasi kati ya sindano hurefushwa kadiri jicho linavyotulia. Wengi wakipata nafuu huacha, au hukosa wa kuwasindikiza. Mtu mmoja mwenye simu na orodha ya waliokosa miadi angeokoa macho mengi kuliko semina zetu zote.

Kwa makula kavu sina mengi. Vidonge vya vitamini na madini vya fomula ya AREDS, utafiti wa Marekani uliotoa matokeo mwaka 2001, hupunguza kwa takriban asilimia 25 uwezekano wa kufikia hatua mbaya katika miaka mitano, tena kwa wale tu ambao ugonjwa umefika hatua ya kati au jicho moja limeshaharibika. Havimkingi mzima, hata wauzaji waseme nini. Anayevuta au aliyewahi kuvuta sigara apewe aina isiyo na beta-karotini, kwani huongeza hatari ya saratani ya mapafu, na anayevuta asaidiwe kuacha. Dawa mbili za kudungwa zilizoidhinishwa Marekani mwaka 2023 kwa makula kavu iliyokomaa hupunguza tu kasi ya kuharibika. Mimi nisingezitangulizia bajeti.

Waliokwisha kupoteza uoni wa kati wapewe huduma za uoni hafifu: lenzi za kukuzia, taa nzuri, mafunzo. Na waulizwe swali moja: je, unaona watu au maua ambayo hayapo? Hali hiyo huitwa sindromu ya Charles Bonnet. Ubongo unajaza pengo, akili ni timamu. Wagonjwa huificha kwa kuogopa kuitwa wendawazimu.

Mwisho, naomba kila kliniki itangaze kila robo mwaka ni siku ngapi zinapita kati ya rufaa na sindano ya kwanza. Takwimu hizo ziko katika madaftari yetu, ila hajatokea wa kuziuliza. Ofisi yako ikituma fomu, tutaijaza.

Wako mtiifu,
Muuguzi wa macho